Santuri Mbili, Mikono Miwili: Historia Fupi ya Kuchanganya Muziki

Mhariri mmoja niliyewahi kumpelekea wazo la makala kuhusu madijei wa santuri alinitazama kama mtu aliyekuja kuomba nauli. Akaniuliza: dijei amefanya nini hata aandikiwe historia? Anaweka wimbo, watu wanacheza, basi. Sikubishana naye, maana ndiye anayepanga kurasa. Lakini hapa kibarazani kwangu hakuna mhariri. Kwa hiyo ndugu msomaji, vuta kigoda, leo naimwaga yote.

Hoja yangu ni nyepesi. Kuchanganya santuri ni ufundi uliogunduliwa na watu wanaojulikana kwa majina, tena wengi wao vijana wasio na pesa, kwa kutumia mashine ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiijua historia yao utajua pia jinsi ya kujifunza ufundi wenyewe, na kwa nini mashine na sindano lazima zitunzwe. Mambo hayo matatu mimi siwezi kuyatenganisha.

Tuanzie nyumbani. Mwaka 1928 Siti binti Saad, yule mwanamke wa Unguja aliyewahi kuuza vyungu vya mama yake, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Santuri hizo zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, zito, na zilivunjika kama kigae. Baadaye dunia ikahamia kwenye plastiki: santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi moja ilitoka Marekani mwaka 1948, na ile ndogo ya mizunguko 45 ikafuata mwaka 1949. Kwetu Afrika Mashariki mji wa santuri ulikuwa Nairobi. Ndiko kulikokuwa na studio za kibiashara na viwanda vya kuchapa, na ndiko santuri nyingi za bendi za Tanzania zilikochapwa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu kwa wingi, lakini kwenye mikanda ya kupigwa redioni. Ndugu Wilson na George Kinyonga, wazaliwa wa Tanga, walihamia Nairobi mwaka 1971 na bendi yao ikajulikana kama Simba Wanyika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, wapenzi wa muziki nao walionja machungu yake.

Sasa angalia kitu kimoja kwenye zile santuri ndogo za Nairobi. Upande mmoja huchukua dakika nne au tano tu, lakini rumba ya dansi haiishi kwa dakika nne. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilikatwa mara mbili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili sebene. Fikiria wewe ni mpigaji muziki kwenye sherehe. Watu wameshapasha moto, gitaa linaanza kuchemka, halafu santuri inaisha! Ugeuze upande wa pili huku watu wamesimama wanakutazama? Ukiwa na mashine mbili na nakala mbili za santuri hiyo hiyo, tatizo limekwisha. Upande wa kwanza ukimalizia, wa pili unaingia, na mchezaji hajui kama kuna kilichotokea. Shikilia picha hiyo, maana tatizo la namna hiyo ndilo lililozaa muziki wa kufokafoka kule Marekani.

Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye ukumbi wa jengo la ghorofa namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, jijini New York, msichana aitwaye Cindy Campbell aliandaa sherehe ili apate pesa ya nguo za kufungulia shule. Kiingilio: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Mpiga muziki alikuwa kaka yake, Clive, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Kingston, Jamaika, na kuhamia New York mwaka 1967. Watu walimwita Kool Herc. Kijana huyu alikuwa na jicho la mwandishi wa habari. Aliwatazama wachezaji, akagundua kwamba wanasubiri. Wanasubiri nini? Ile sehemu fupi ya wimbo ambapo waimbaji wananyamaza, gitaa na tarumbeta zinakaa pembeni, inabaki ngoma peke yake. Sehemu hiyo ilidumu sekunde chache tu. Herc akanunua nakala mbili za santuri moja. Ngoma ikiisha kwenye mashine ya kushoto, anaianza upya kwenye ya kulia, kisha anarudi kushoto. Sekunde kumi zikawa dakika tano. Sebene lisiloisha!

Herc alikuwa pia mjanja wa biashara. Alizilowesha santuri zake majini ili karatasi ya katikati yenye jina la wimbo ibanduke, wapinzani wasijue anapiga nini.

Hata hivyo tusimpe kila kitu. Kabla yake, upande mwingine wa jiji hilo hilo, Francis Grasso alikuwa akipiga muziki kwenye klabu ya Sanctuary, jengo ambalo hapo awali lilikuwa kanisa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 Grasso alikuwa ameshaanza kushika santuri kwa vidole huku sinia la mashine likizunguka chini yake, kisha anaiachia pale pale pigo linapohitajika. Alikuwa pia akiziweka nyimbo mbili zikatembea kwa mwendo mmoja, moja ikimeza nyingine taratibu. Na kumbuka, nyimbo za wakati ule zilipigwa na wapiga ngoma wa damu na nyama, siyo kompyuta. Mwendo ulipanda na kushuka kadiri mpigaji alivyopandwa na mzuka.

Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili. Grasso alijua kuunganisha, Herc alijua nini watu wanakitaka. Lakini Herc alikuwa akiishusha sindano kwa kukadiria kwa macho, na mara nyingi pigo la kwanza halikukaa juu ya la pili. Aliyeziba pengo hilo ni Joseph Saddler, mzaliwa wa Bridgetown, Barbados, mwaka 1958, aliyelelewa Bronx na kusoma ufundi wa umeme shuleni. Dunia inamjua kama Grandmaster Flash.

Flash aliliendea jambo hili kama mtu wa maabara. Kwanza, akaunda swichi ya kumwezesha kusikiliza santuri moja kwenye hedifoni huku watu wakisikia nyingine. Pili, akaweka alama za rangi kwenye santuri na kuzisoma kama mishale ya saa. Hesabu yake ni hii: santuri ya mizunguko 33 na theluthi moja hutumia sekunde 1.8 kumaliza mzunguko mmoja. Kama sehemu ya ngoma ina urefu wa sekunde 9, ukiirudisha nyuma mizunguko mitano umefika mwanzo wake. Huhitaji kunyanyua sindano wala kubahatisha. Unahesabu alama inapita mara ngapi, unaachia.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, ni kitambaa. Mashine za kawaida zilikuwa na mpira mzito juu ya sinia, ukishika santuri basi na sinia nalo linasimama. Flash alichukua felti, na kwa kuwa mama yake alikuwa mshonaji, akaikata kwa umbo la santuri na kuikazia kwa wanga wa nguo ili iwe ngumu na iteleze. Santuri ikasimama, sinia likaendelea kuzunguka. Leo kitambaa hicho kipo kwenye kila mashine ya dijei. Mwaka 1981 Flash akatoa santuri iliyokuwa ushahidi wa yote hayo, "The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel", iliyotengenezwa kwa kuchanganya nyimbo za watu wengine kwa mashine tatu.

Na kule kukwaruza je? Hapo anaingia Theodore Livingston, maarufu Grand Wizzard Theodore. Ilikuwa kama mwaka 1975, akiwa bado mtoto. Alikuwa chumbani anafanya mazoezi, mama akaja kugombeza kelele. Kijana akaiwekea santuri mkono ili asikilize anachoambiwa, mkono ukawa unaisogeza mbele na nyuma, na kwenye hedifoni akasikia mlio mpya. Wengi wetu tungeondoa mkono na kusahau. Yeye aliufanyia kazi kwa miezi kabla ya kuupiga hadharani.

Nusu ya pili ya habari inatoka Japani. Kampuni ya Matsushita ya Osaka ilikuwa na mhandisi aitwaye Shuichi Obata. Mashine za zamani zilizungushwa kwa mkanda wa mpira au gurudumu dogo. Mkanda unalegea, unachelewa kushika kasi, na ukishika santuri kwa mkono unateseka. Timu ya Obata iliweka mota moja kwa moja chini ya sinia. Mashine ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa, Technics SP-10, iliingia sokoni mwaka 1970, na SL-1200 ikafuata mwaka 1972. Wateja waliolengwa walikuwa watu wa vituo vya redio na wazee wa kukaa sebuleni wakisikiliza muziki kwa utulivu. Walioipa maisha ni watoto wa Bronx. Mwaka 1979 ikatoka SL-1200MK2, yenye kitelezi kirefu cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8, sinia linalofikia kasi kamili kwa sekunde 0.7, na tako zito la mpira la kuzuia mtikisiko wa spika. Yaani wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unaweza kuushusha hadi 92 au kuupandisha hadi 108. Ndani ya nafasi hiyo ndimo madijei wa dunia nzima walimofanya kazi kwa miaka thelathini.

Haya, sasa tunaotaka kujifunza tufanye nini?

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo ana mashine mbili kuukuu za MK2 pale Kinondoni, na Jumapili nikiwa sina zamu huwa naenda kuzisumbua. Somo la kwanza tulilichukua kwa Herc: anza na nakala mbili za wimbo mmoja. Sogeza kitelezi cha mashine moja mahali popote bila kutazama, kisha jaribu kuurudisha wimbo ulingane na mwenzake kwa sikio tu. Kwa kuwa nyimbo ni ile ile, tofauti yoyote utakayoisikia ni ya kasi, si ya kitu kingine. Mapigo yakipishana utasikia kama farasi anakimbia: ta-tam, ta-tam. Swali ni nani yuko mbele. Gusa ukingo wa sinia kidogo upunguze mwendo. Mlio ukizidi kuachana, basi umempunguza aliyekuwa nyuma tayari. Ukikaribiana, umempata. Baada ya hapo ndipo unarekebisha kitelezi.

La pili, hesabu nne, na daima ingiza wimbo mpya kwenye moja. La tatu, besi mbili haziishi nyumba moja. Unapoingiza wimbo wa pili punguza besi yake, halafu zibadilishane. La nne, usipige kwa taa nyekundu. Sauti ikishapasuka kwenye mikisa, hakuna spika itakayoishona. La tano, hedifoni iwe sikio moja na sauti ya wastani, maana masikio hayauzwi Kariakoo.

Ukimaliza shule hiyo njoo kwenye rumba ya Nairobi, na hapo utaujua moto. Muziki wa kisasa wa mashine hautetereki, ukishaulinganisha unaweza kukunja mikono. Bendi hazikuwa hivyo. Sebene likikolea mpiga ngoma anaongeza mwendo kwa hamu yake, na wewe lazima umfuate na kitelezi hatua kwa hatua, kama kondakta anayening'inia mlangoni. Ndiyo maana naamini kijana anayeweza kuunganisha sebene mbili za santuri kwa dakika moja bila kuachana hawezi kutishwa na kompyuta yoyote.

Sasa utunzaji, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Upande mmoja wa santuri ndefu una mfereji ambao ukiunyoosha unakaribia nusu kilomita. Sindano, ambayo ncha yake ni almasi, inatembea njia yote hiyo. Ikichakaa haitoi mlio mbaya tu, inalima mfereji, na mfereji uliolimwa haurudi. Ihesabie saa zake za kazi na uibadilishe kabla ya kuua santuri. Isafishe kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwa kidole na kamwe si kinyume.

Nimeona kwenye sherehe watu wakiweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Huko ni kuweka jiwe juu ya macho ya mgonjwa. Sindano inaruka kwa sababu: uzito wa nyuma haukupimwa, au meza inatikisika, au ina uchafu. Legeza uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sawasawa hewani, weka kipimo kwenye sifuri, kisha ongeza gramu zile alizopendekeza mtengenezaji wa katriji. Dakika mbili tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mashine ikinguruma hata bila muziki, angalia waya mdogo wa ardhi kama umefungwa kwenye mikisa. Kitelezi kikikwama usikimwagie mafuta ya cherehani, kinachohitaji ni kuondolewa vumbi. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi, ambayo inakula vile vishikizo vya shaba nyuma ya kichwa cha sindano, vifute mara kwa mara. Kutaka kujua kama kasi ni sahihi, tazama vidoti ukingoni mwa sinia chini ya ile taa nyekundu: safu ya vidoti vikubwa ikionekana imesimama, mwendo ni sawa. Na ukisafiri, funga mkono wa sindano na uvue kichwa chake.

Kwa wenye santuri za babu za mizunguko 78, naomba masikio yenu yote. Mfereji wake ni mpana zaidi, unahitaji sindano yake, usiziweke chini ya sindano ya disko. Wala usizifute kwa spiriti, maana spiriti inayeyusha utomvu zilizotengenezewa. Maji safi kidogo na kitambaa laini vinatosha, na karatasi ya katikati isilowe. Hii hasara ukiifanya leo, kesho huwezi kwenda dukani kununua Siti binti Saad mwingine.

Uzito wa jambo lenyewe uko hapo. Mwaka 2010 utengenezaji wa SL-1200 ulisimamishwa, baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 3, na wengi wakasema santuri imezikwa. Mwaka 2016 kampuni ikairudisha, na mwaka 2019 ikatoa MK7 kwa ajili ya madijei. Mwaka 2022 Marekani waliuza santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuongoza tangu 1987. Wanunuzi kutoka Ulaya na Marekani wamekuwa wakizitafuta hata santuri zetu za Nairobi, wakazipiga kwenye klabu zao na kuzitoa upya. Siwalaumu. Wamekuta vitu tulivyovirundika stoo.

Baba yangu mdogo kule Tanga alinikabidhi boksi lenye santuri sitini na tatu. Zilikuwa zimelazwa moja juu ya nyingine chini ya bati kwa miaka. Ishirini na mbili zimepinda kama kapati, hazipigiki. Kati ya zilizobaki kuna nyimbo ambazo sijazikuta kokote, si redioni, si kwenye intaneti. Nimezisimamisha wima kwenye sanduku, kila moja kwenye mfuko wake, mbali na dirisha, na taratibu nazihamishia kwenye kompyuta kwa sindano mpya.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya mashine, ingia stoo ya wazazi wako. Ukikuta santuri zimelala, zisimamishe leo hii, usisubiri Jumamosi. Halafu niandikie uniambie umekuta nini.